Mtumishi ni Mgonjwa

Jumanne, 22 Aprili

...na nilichokuwa nakuambia simu ilipokatika, Dada, ni kwamba anakoroma. Anakoroma! Mwingine angelia, mimi namsikiliza kama redio. Hii ni wiki ya tatu tangu niwe mke wa mtu, na bado nikisikia "mume wako" nageuka nyuma nione anaambiwa nani.

Ulinipa daftari hili ukasema niandike badala ya kukupigia kila jioni, halafu siku nikija nikusomee. Haya, nimeanza. Usije ukasema imekuwa ndefu.

Nyumba ni vyumba viwili na jiko. Sebuleni kuna makochi mawili, na vile vitambaa vya maua ya bluu nilivyofuma mwaka mzima nimevitandika kila mahali, mpaka juu ya redio. Dari aliipaka rangi mwenyewe wiki moja kabla ya harusi, amesimama juu ya ngazi anapiga mluzi. Tone moja la rangi limebaki kwenye kioo cha kabati. Nimekataa lisikwanguliwe. Ni sahihi yake.

Kazi yake ni kuendesha kreni pale wanapojenga jengo la ghorofa kumi na mbili. Asubuhi anapanda ngazi kama anayekwenda mbinguni, jioni ananirudia. Chakula chake cha mchana nakifunga kwenye mkebe, na mkebe unapandishwa kwa kamba. Fikiria, Dada, viazi vyangu vinapaa!

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikukauka. Nampenda.

Jumapili, 27 Aprili

Tulipotoka kanisani alikuja mgeni. Jina lake la kuzaliwa sikuambiwa. Kazini wote wanamwita Mzee Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo pekee analolisema mara mbili. Ni mjane, mwembamba kama ufito, na mtoto wake mmoja, binti, ameolewa mji mwingine. Yeye ndiye mtoa ishara. Husimama chini na kumwonesha mume wangu kwa mkono: inua, shusha, zungusha, simama. Tena ndiye aliyemfundisha kazi.

Kabla ya kukaa alikichukua kitambaa changu cha kochi, akakikunja mara nne na kukiweka mezani.

"Naogopa kukalia bustani ya watu," akasema.

Nilimletea chai. Akaichungulia.

"Bibi harusi, hii umeipika au umeibariki tu? Majani siyaoni."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilicheka kwa meno tu. Alikaa hadi saa kumi na moja jioni, na nilikuwa nimepanga tutembee wawili mpaka darajani.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Nimeungua kidole kwa pasi. Akakibusu. Nusura niunguze na cha pili.

Jumapili, 4 Mei

Kaja tena! Fungate gani hii ya watu watatu? Amekula sahani mbili, akaomba na ukoko. Kitambaa kikakunjwa mara nne kama kawaida.

Ili nisikae nimenuna, nilimuuliza mume wangu: "Hivi ukiwa kule juu unaona nini?"

"Naona mji wote. Mzigo wangu tu ndio siuoni."

"Huuoni vipi?"

"Ukuta umepanda, unaziba. Mzigo ukishuka nyuma ya ukuta, nabaki na mkono wa Mzee tu. Mkono ukisema shusha, nashusha. Ukisema simama, nasimama."

"Na akikosea?"

Mzee Taratibu akajibu huku mdomo umejaa: "Akinidharau yeye ndiye atakayekosea. Na mimi nikimdharau injinia, tumekosea wote. Kila mtu ana wa kumtazama, bibi harusi."

Ilikuwa kauli nzuri. Lakini kauli nzuri mtu anaweza kuisema Jumatatu, akiwa kwake.

Jumatano, 7 Mei

Nilipeleka mkebe mwenyewe na kusimama nje ya uzio. Mzee Taratibu alikuwa kwenye matope na kofia yake ya manjano, amenyoosha mkono wa kulia, kiganja kimetazama juu, vidole vinafunga na kufunguka polepole kama mtu anayekamua kitu laini. Na boriti ya chuma ndefu kuliko nyumba yetu ikapanda! Mume wangu nilimwona mdogo kama punje, nyuma ya kioo, macho hayabanduki kwenye ule mkono.

Nikuambie ukweli, Dada? Niliona wivu. Yule mzee anatazamwa hivyo kutwa nzima. Mimi napata jioni tu.

Jumapili, 11 Mei

Leo tumekuwa wawili tu. Siku tamu kama nini. Tulikwenda mpaka darajani na mwavuli mmoja.

Nimefunga daftari, nimelifungua tena. Kwako siwezi kuficha. Mume wangu alibaki kanisani kwenye kikao, mimi nikatangulia nyumbani. Mzee akabisha hodi. Nilifungua mlango nusu, nikamwambia, "Leo tunatoka, Mzee." Akaangalia miguu yangu. Nilikuwa na kandambili, na mwiko mkononi.

"Haya, bibi harusi," akasema. "Siku nyingine."

Mvua ilikuwa imeanza, naye hakuwa na mwavuli. Wetu ulikuwa nyuma ya mlango, mpini wake unanigusa mgongoni. Sikumpa. Mume wangu aliporudi akauliza, "Mzee hajapita?" Nikasema sijamwona.

Ni kitu kidogo. Hata sijui kwa nini nimekiandika.

Jumatatu, 12 Mei

Utanisamehe mwandiko.

Mume wangu amerudi saa saba mchana, amelowa, uso umesawijika. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni na buti zake, nami sikusema neno juu ya matope. Amenieleza kipande kipande. Nakuandikia kwa mpangilio.

Asubuhi walikuwa wanashusha boriti nyuma ya ukuta. Mvua ilikuwa nyepesi. Mkono wa Mzee ulikuwa juu, unasema shusha taratibu, taratibu. Halafu ukafanya kitu ambacho mume wangu hajawahi kukiona kwa miaka sita. Ukalegea. Ukashuka nusu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha ukapotea.

Kanuni yao ni moja: usipouona mkono, usiguse kitu. Akasimamisha. Tani mbili zikaning'inia hewani na upepo unazisukuma. Akina fundi wakatoka mbio kila upande wakimpungia, mikono ishirini, wote wanaonesha chini. Shusha! Shusha! Waliona chuma kinayumba juu ya vichwa vyao, wakaogopa.

"Ungeshusha," nikasema. "Watu wote wale!"

"Walikuwa wengi," akasema, "lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa yule."

Akakaa, hakugusa kitu. Anasema mkono wake ulikuwa kwenye wenzo wa kreni na jasho likamtoka mpaka kwenye soksi. Mwisho injinia mwenyewe akapanda juu ya ukuta, akachungulia upande wa pili, akainua mkono ipasavyo na kumpa ishara ya kuzungusha pembeni. Pembeni, Dada, si chini. Kwa sababu Mzee Taratibu alikuwa amelala palepale ambapo boriti ilikuwa itue. Wale ishirini hawakumwona, ukuta uliwaziba. Kama mume wangu angewatii, angemponda mwalimu wake.

Ni kiharusi. Upande wote wa kulia umekufa, mdomo umepinda, hasemi. Muuguzi aliuliza kama jana alipata baridi kali au uchovu. Mume wangu akasema hajui.

Mimi najua.

Jumanne, 13 Mei

Hospitalini. Amelala kitanda cha dirishani. Macho yake yapo, ila sikuweza kuyatazama. Nilijifanya nakunja shuka.

Jumatano, 14 Mei

Nilimuuliza daktari kama kulowa kwa mvua kunaleta kiharusi. Akasema presha ilikuwa juu muda mrefu, hakuwa anameza dawa, mvua haina kesi. Nilipaswa kufurahi. Sijafurahi. Hata kama mvua haina kesi, mimi ninayo.

Binti yake amepigiwa. Barabara imekatwa na maji, atafika ikifunguliwa.

Alhamisi, 15 Mei

Tumegombana. Ugomvi wetu wa kwanza! Niliwahi kuwaza tutagombana kuhusu kitu cha kimapenzi.

Baada ya chai alichukua Biblia, akasoma ile habari ya akida wa jeshi ambaye mtumishi wake alikuwa amelala nyumbani amepooza. Akida akamwendea Yesu. Yesu akasema nitakuja nimponye. Akida akakataa, akasema nyumba yake haistahili Bwana kuingia, aseme neno tu palepale alipo na mtumishi atapona. Kwa maana yeye mwenyewe yuko chini ya wakubwa, na ana askari chini yake, na anajua amri inavyokwenda.

Mume wangu akaweka kidole kwenye ukurasa. "Huyu alikuwa mtu wa kazi," akasema. "Kama sisi. Alijua mwenye mamlaka hana haja ya kusogea. Anainua mkono tu."

Nikamwambia, vizuri, basi tumwite Mtumishi. Ndivyo kanisa zima tunavyomwita mhubiri wetu, hata watoto. Nikasema aje na kwaya na vipaza sauti mpaka wodini, auamuru ugonjwa utoke kama anavyouamuru pale madhabahuni, halafu aje hapa kwetu abariki nyumba. Nilikuwa nimeshawaza hata kikombe atakachonywea.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Wagonjwa wengine wamelala. Na mimi sitaki kelele. Nataka neno la Bwana."

"Kwa hiyo tukae tu, tumtazame anavyokauka?"

"Kuomba si kukaa."

"Mtumishi anaamuru na watu wanapona!"

"Mke wangu, mimi kule juu nikianza kuamuru walio chini, nitaua mtu. Amri inatoka kwa Yesu. Mtumishi naye anaitazama kama sisi. Yesu yuko palepale wodini, hahitaji kipaza sauti."

Hapo nikasema kitu kibaya. Nikasema yeye hana imani, ana kanuni za kazini. Akafunga Biblia polepole. "Na wewe," akasema, "umeanza lini kumpenda Mzee? Nimeona uso wako kila Jumapili."

Akaenda kazini bila mkebe. Dada, mkebe umekaa mezani kama yatima.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeamua kufanya jambo. Nimetuma ujumbe kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Nilitaka uwe mzuri, wa kibiblia, nikaupamba. Nimeandika: "Bwana asifiwe, wapendwa. Mtumishi wetu amelala hoi, amepooza upande mmoja. Tumlilie Bwana aseme neno tu." Simu ikazimika papo hapo. Umeme haupo tangu jana kwa sababu ya mvua.

Lakini nimefanya jambo.

Jumamosi, 17 Mei

Ardhi ipasuke nizame.

Saa mbili asubuhi nimesikia hodi ya ngumi. Ni Katibu wa akina mama, matope magotini, kitambaa cha kichwa kimehamia shingoni.

"Wewe! Wewe bibi harusi! Nani amekwambia Mtumishi amepooza?"

"Mtumishi? Si Mtumishi. Ni Mzee wetu wa kazini, yule mtoa..."

"Umeandika Mtumishi!"

"Nilimaanisha mtumishi. Yule wa akida."

"Akida gani? Ana namba ya simu?"

Dada, walikwenda. Jana jioni, kwenye mvua, watu zaidi ya sitini. Walibeba mikeka, chupa za chai, sufuria la supu na machela ya kuazima. Kwaya iliimba njiani, na Katibu amekiri kwamba walishaanza kuchagua wimbo wa msiba. Mama mmoja alizirai getini. Mtumishi akafungua mlango amevaa kaptula na fulana, mkononi ana kikata kucha, akauliza nani amekufa. Aliyekuwa mbele akajibu, "Wewe."

"Na mkewe?" nikauliza.

"Mkewe alidhani anafichwa. Amemkagua kichwa hadi miguu. Mpaka akamfinya."

Katibu alitaka kukasirika zaidi lakini kicheko kikamtoka puani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria kwamba watu sitini walikwenda na supu kwa mtu mzima, na kitanda cha dirishani hakuna aliyekikaribia ila mume wangu.

Nikamsimulia mume wangu aliporudi. Nilidhani atacheka, tutapatana. Akauliza jambo moja tu.

"Uliandika 'mtumishi wetu'?"

"Ndiyo."

"Mzee ni mtumishi wetu sisi?"

Nikauchukua mkebe, nikaenda kuuosha.

Jumapili, 18 Mei

Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kama mwizi. Mtumishi alisimama madhabahuni, akakisogeza kipaza sauti pembeni. Unamjua anavyokuwa, sauti ya ngurumo, suti inang'aa. Leo alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Juzi mlikuja kunililia nikiwa nakata kucha. Asanteni kwa supu. Kumbe kuna mzee amelala siku ya saba, yeye ndiye mtumishi aliyeandikwa kwenye ule ujumbe, na hakuna aliyemwendea. Hata mimi. Miaka ishirini mnaniita Mtumishi. Jana nimejiuliza mara ya mwisho nilitumwa nini."

Akashuka. Hakuna aliyesema amina. Hawakujua kama ni mahali pake.

Alasiri tulimkuta Mtumishi wodini. Amekuja kwa miguu, bila suti, amekaa kwenye benchi anamlisha Mzee uji kwa kijiko, anamfuta kidevu. Muuguzi hakumfahamu. Akamwambia, "Wewe ndugu wa mgonjwa, toa beseni hilo ukamwage." Nilitaka kuruka nimtetee. Mtumishi akalibeba beseni, akaenda, akarudi nalo limesuuzwa.

Nikamwomba radhi kwa ule ujumbe. Akasema, "Binti yangu, ulikosea anwani, hukukosea neno."

Nikamwuliza kwa nini hauamuru ugonjwa utoke. Akalisukuma beseni chini ya kitanda.

"Mimi sina mkono wa kuponya. Namjua tu mwenye nao. Wakati mwingine nimepiga kelele mpaka nikasahau tofauti."

Akapiga magoti. Maombi yake yalikuwa mafupi kuliko ya kubariki chakula: "Bwana Yesu, hatustahili, na wewe waweza. Sema neno juu ya mzee wetu." Basi. Muuguzi aliyekuwa anapita akasimama na trei yake mpaka mwisho.

Na mimi pale chini, goti langu likiwa kwenye sakafu yenye maji, nikaelewa kitu kikanichoma. Akida alisema nyumba yake haistahili kuingiwa na Bwana. Mimi nilisema mzee hastahili kuingia kwangu. Kwa ajili ya vitambaa.

Njiani nikamwambia mume wangu yote. Kandambili, mwiko, mwavuli, na uongo wangu. Alisimama katikati ya barabara, mvua inamchuruzika. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu, 19 Mei

Mume wangu hajasema nami.

Jumanne, 20 Mei

Amesema "chumvi."

Alhamisi, 22 Mei

Nimemkuta amesimama sebuleni anatazama lile kochi. Nikarudi jikoni. Mvua, mvua, mvua. Mchana nimeomba kama mtu anayegonga mlango wa chuma. "Bwana, mponye leo. Kabla ya saa kumi." Halafu nikajisikia. Nampangia saa! Nikaanza upya, nikakosa maneno, nikabaki nimeinama tu. Labda huko nako ni kuomba.

Jumapili, 25 Mei

Leo nimekwenda hospitali peke yangu, kabla ya ibada. Nilivuta benchi mpaka karibu, na kwa mara ya kwanza nikamtazama machoni.

"Mzee," nikasema, "ile Jumapili hatukuwa tunatoka."

Akapepesa.

"Nilikuwa napika. Mwavuli ulikuwepo. Nilikuona kama mtu wa kunipunguzia mume. Nisamehe."

Macho yake yakajaa. Mdomo ukahangaika, ikatoka sauti isiyo neno. Akaacha. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, kidogo tu juu ya shuka. Akafumba ngumi, akaifungua kiganja kikitazama chini, kisha akakipeleka pembeni polepole, kama mtu anayefuta meza. Akarudia. Sikuelewa. Nilidhani ananifukuza. Nikatoka nalia kwenye korido mpaka mtu akanipa kiti.

Nyumbani nikamwambia mume wangu, "Nimekwenda kuomba radhi, amenifukuza."

"Amesemaje?"

"Amefanya hivi." Nikamwonesha. Ngumi, kiganja chini, pembeni.

Mume wangu akaweka kikombe. "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa mkono upi?"

"Wa kushoto."

Akanishika ule mkono, Dada, akaushika kwa mikono yake miwili, na uso wake ukakunjamana, akacheka na kulia kwa pamoja. "Hiyo ni ishara ya mwisho wa kazi," akasema. "Mzigo umefika chini. Fungua mnyororo, uachie."

Tulikaa sakafuni, migongo kwenye kochi. Baadaye akasema, "Kama yeye ameachia, mimi nashikilia nini?" Nikamwekea chakula kwenye mkebe ingawa ni Jumapili. Tukala humo wote wawili.

Alhamisi, 29 Mei

Anakoroma. Bwana asifiwe.

Jumapili, 1 Juni

Barabara imefunguka. Binti yake Mzee amefika, mwanamke wa vitendo, hana maneno mengi. Anamchukua kwake. Daktari ametoa ruhusa, ila mguu unaburutika na mkono wa kulia hauna habari. Na ulimi umefunguka kidogo. Anasema "ma" akitaka maji na "ndi" akimaanisha ndiyo.

Nilidhani atapona hapa, mbele yetu, tushuhudie kanisani. Nilikuwa nimeanza hata kuutunga ushuhuda. Gari lilipoondoka nilimuuliza mume wangu, "Mbona Bwana hajasema neno?"

"Unajuaje hajasema?"

"Mkono si ule umelala?"

"Boriti nayo haifiki chini dakika ileile inapoambiwa," akasema. "Ila kebo inayoishusha imeshaanza kutoka."

Nilitaka kukasirika na kreni zake. Badala yake nikamfunga kifungo cha koti.

Jumanne, 3 Juni

Mume wangu ameletewa mtoa ishara mwingine. Anasema ni mtu mzuri, ila anapunga kama anayefukuza nzi. Tunaomba kila siku saa kumi na mbili jioni, tukiwa tumepiga magoti kando ya kochi. Siamuru. Namwambia Yesu alivyo Mzee, namwachia. Halafu baada ya amina natembea jikoni na sebuleni, jikoni na sebuleni. Kuachia kunachosha kuliko kubeba.

Ijumaa, 6 Juni

Hakuna simu. Mtumishi amepita kuuliza hali. Kikombe nilichomwandalia nimekisahau kabatini, amenywea kile chenye ufa.

Jumapili, 8 Juni

Hakuna simu. Nimeota mkono.

Jumanne, 10 Juni

Dada, Dada, Dada.

Simu imelia saa tatu asubuhi, na mume wangu yuko nyumbani kwa kuwa upepo umekataza kreni. Ni binti yake Mzee. Huyu asiye na maneno alikuwa anayamwaga kama maji. Alikuwa anamvalisha baba yake shati, mkono wa kulia kwanza kama kawaida, ukiwa mzito kama wa mdoli. Ulipotokeza kwenye kikofi, lile pindo la mkono wa shati, vidole viwili vikakishika kikofi. Vikakikamata. Akadhani kimenasa, akavuta, havikuachia. Akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa anaangalia vidole vyake kama mtu aliyetembelewa.

"Tangu jana vinafunga na kufunguka," akasema. "Vidole viwili, vingine bado. Daktari wa huku ameviona, amesema tuendelee na mazoezi, atatembea pia."

Nikapiga yowe. Halafu nikaanza: "Jana saa ngapi? Ilikuwa saa kumi na mbili jioni? Kumbuka vizuri, dada yangu, maana sisi saa kumi na mbili..."

Mume wangu akaichukua simu mkononi mwangu, kwa upole. "Usimuulize saa," akaninong'oneza. "Aliyesema anajua alisema lini." Kisha akakaa chini, juu ya maua ya bluu, akafunika macho. Nami nikamshukuru Yesu kwa sauti, bila mpangilio, nikitaja vidole kimoja kimoja, hata vile ambavyo bado.

Binti akasema baba anataka kuongea. Tukasikia pumzi, kiti kikisogezwa, pumzi tena.

"Bi," akasema Mzee Taratibu. "Bi... harusi."

"Naam, Mzee! Nipo, nakusikia."

Akahangaika. Tukangoja. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na simu, hapumui.

"Njo... ni," akasema. Neno zima, Dada, kwa vipande viwili.

Nikamwambia ndiyo, Mzee, tunakuja sote wawili, na nitakaa na wewe kutwa nzima ukichoka kuongea tuongee kwa mikono. Mume wangu ameshakwenda kumwomba injinia ruhusa. Huko ni karibu na kwako, mwendo wa saa moja tu, kwa hiyo daftari hili nitalileta pia, ujisomee mwenyewe mahali ambapo sauti yangu itakataa. Chemsha maji. Kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa mlangoni kwake, na kesho yake kwako.